Siku Sanduku Liliposema Ndu

Ndu.

Hata leo nikiwa sokoni, katikati ya makelele ya watu na chukudu za mbao zinazobeba mizigo, sauti hiyo ikipita nitageuza kichwa. Ni sauti ya sanduku lililojaa nguo likitua juu ya mbao za jukwaa. Sanduku tupu linasema ta, kama kopo. Sanduku lenye mawe linasema ngwara-ngwara. Lakini sanduku la mtu anayeondoka kweli linasema ndu, mara moja, halafu linanyamaza, na wewe uliyelisikia unanyamaza nalo.

Vijana wangu wa kikundi cha michezo, mliniletea kaye mpya ya kuandikia na kalamu mbili za biki, mkaniambia, "Mama Neema, andika tu vile unasemaka." Mjue mmejitakia. Mimi nilisoma mpaka la sita primeri, nikaishia hapo kwa sababu ya vita iliyotushusha kutoka Masisi na magodoro kichwani. Tangu hapo shule yangu imekuwa kaye za michezo ya watu wengine. Basi msitafute humu mpangilio. Nitaruka huku na huku, lakini sanduku nitalirudia, hilo nawaahidi.

Kazi yangu ilikuwa sufleri. Wengi wenu hamjaiona, maana siku hizi mnaficha maneno ndani ya simu, na mmoja wenu nilimwona ameandika sehemu yake yote juu ya mkono mpaka kwenye kiwiko. Zamani alikuwapo mtu wa kazi hiyo. Anakaa chini mbele ya jukwaa na kaye ya mchezo mapajani, anafuata kila neno kwa kidole, na mwigizaji akisahau, anampulizia neno kwa sauti ndogo. Watu wakikusikia, umeharibu. Mwigizaji asipokusikia, umeharibu vilevile. Kati ya makosa hayo mawili kuna kanjia kembamba, na mimi nimepita humo tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikatalia. Mdomo bado mzima, kama mnavyojua.

Kiti changu kilikuwa kreti ya bia, ndani ya kibanda kidogo cha mbao kilichofunikwa kitambaa cheusi. Ukikaa humo unaona viatu kwanza, sura baadaye. Nimejua watu wengi wa Goma kwa viatu vyao. Nilijua nani amepita kwenye mawe ya volkeno akitoka Katoyi, na nani amekuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, akitoka Kyeshero bila vumbi. Nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Humo ndani ya kibanda nilijiona niko ndani ya tumbo la mchezo, na kwamba bila mimi hautazaliwa.

Aliyenifundisha ni Papa Kasereka. Alikuja Goma kutoka Butembo kuuza maharagi, akaingia kuangalia mchezo mmoja, akasahau kurudi. Alikuwa sufleri miaka mingi, mpaka meno yake ya mbele yalipong'oka na kila S ikawa inapiga mluzi hadi benchi la mwisho. Watu walikuwa wanajua mwigizaji amesahau kabla mwigizaji mwenyewe hajajua. Basi akahamia kwenye taa na pazia, akaniachia kreti.

Masomo yake yalikuwa machache na aliyarudia kama rozari.

"Neema, usimupatie mutu sentensi nzima. Mupatie neno la kwanza tu. Mengine atayakuta mwenyewe."

"Toa pumzi kwanza, njo useme. Puliza kama unapoza uji ya mutoto."

Na hili, ambalo nililichukulia kama maneno ya mzee tu mpaka siku nitakayowasimulia: "Angalia macho. Mutu mwenye kusahau anaangaliaka viatu vyake. Mutu mwenye kufikiri anaangaliaka kitu ingine. Huyo wa kufikiri, umuache. Lakini hesabu pumzi tano. Ikifika tano, umupatie neno, hata akupige jicho."

Msifikiri nilianza vizuri. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa harusi. Jasho lilishikanisha kurasa mbili za kaye, nikazigeuza pamoja bila kujua. Bibi-harusi alisahau, akaangalia viatu, nikampulizia neno la kwanza nililoliona. Naye, kwa kuniamini, akalishika na kuendelea nalo. Hivyo bibi-harusi wetu akajifungua mapacha kabla ya kuolewa, na padri alikuwa benchi la kwanza. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Bwana-harusi hakucheka. Alisimama na maua yake akauliza, "Sasa mimi nifanye nini na haya?" na hilo halikuwa ndani ya kaye. Tangu siku hiyo nilijifunza kulamba kidole kabla ya kugeuza.

Aibu nyingine ilikuwa ya Papa Kasereka mwenyewe. Zamani mchezo ulifunguliwa kwa kugonga mbao mara tatu kwa mpini wa jembe: ko, ko, ko. Mwaka mmoja sale, ukumbi wetu, ilijaa watu waliokimbia vita. Papa Kasereka akagonga kwa nguvu zake zote. Pazia likafunguka, na waigizaji wakakuta sale haina mtu. Wote walikuwa chini ya mabenchi. Kidogo kidogo vichwa vikaanza kutoka, halafu mama mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda benchi kwa benchi. Kesho yake mzee akaleta sufuria ya mkewe na kijiko. Tangu hapo michezo yetu ilifunguliwa kwa sauti ya chakula, na hakuna aliyejificha tena.

Sasa niende kwenye sanduku.

Kulikuwa na Profu Fidèle, mwalimu wa fizike, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na moyo mpana. Yeye ndiye aliyeandika mchezo tulioucheza mwaka ule. Aliuita Jiko la Atome. Ulikuwa na watu wawili tu: Enjinia na mkewe, Mkunga. Enjinia anataka nchi ijenge mtambo wa umeme wa atome, ili hospitali ziwe na mwanga na watu waache kumaliza miti kwa kuchoma makala ya kupikia. Mkunga amekulia Katanga, karibu na mahali palipochimbwa yale mawe ya atome. Baba yake aliyachimba bila kuambiwa ni mawe ya nini. Anauliza: na majivu ya jiko hilo, yasiyozimika, mtayaweka wapi? Wanapendana kabisa, na jambo hilo linawatenganisha kidogo kidogo, kwenye chakula, kwenye kitanda, mpaka mwisho Mkunga anaingia na sanduku. Enjinia anamwambia: "Nenda. Mimi nabaki na mwanga wangu." Mkunga anaondoka. Taa inazimika. Basi. Profu aliupenda mwisho huo kama mtoto wake.

Kila tulipofanya repetisyo, mazoezi ya mchezo, alinikumbusha: "Sufleri hana maneno yake, Neema. Nilichoandika ndicho unachopuliza."

"Ndiyo, Profu."

"Hata ukiota mengine mazuri zaidi."

Alinijua.

Enjinia alikuwa Kambale, fundi wa redio. Mkunga alikuwa Furaha, binti wa Rutshuru, mshonaji. Na hawa wawili, tangu miaka minne, walikuwa mume na mke kweli. Walikuwa na kabinti, Riziki, kalikolala ndani ya pazia lililokunjwa wakati wa repetisyo. Profu aliwachagua kwa sababu hiyo. Alisema, "Upendo wao nitaupata bure." Hakufikiri kwamba na ugomvi ataupata bure.

Mara ya kwanza tulipocheza, sanduku lilikuwa kosa langu, maana vyombo vya jukwaa vilikuwa kazi yangu pia. Lilikuwa sanduku la kikundi, la kahawia, lenye kufuli moja iliyopinda. Furaha akaingia nalo kwa huzuni yote aliyokuwa nayo, eti anabeba maisha yake mazima, akalibeba kwa kidole kimoja. Akaliweka chini: ta. Kijana mmoja akaita toka nyuma, "Mama, umesahau nguo!" Sale nzima ikacheka, na kilio cha Furaha kikaenda bure.

"Sanduku tupu inasemaka bongo, inadanganyaka watu," Papa Kasereka akaniambia. "Utie mawe."

Goma haikosi mawe. Mara ya pili nikatia matatu ya volkeno, meusi, yenye matundu. Furaha akaingia mabega yameinama, mzuri sana, nikajisifu ndani ya kibanda. Akaliweka chini: ngwara-ngwara-ngwara. Yule yule kijana, au ndugu yake: "Anahama na barabara!"

Mambo mengine yalikwenda vizuri zaidi kuliko sanduku. Kwetu hapa ugomvi wa mume na mke hausikilizwi na watu waliokaa ovyo. Kuna upande wa mume na upande wa mke, na kila upande una wasemaji wake. Mara ile ya pili hakuna aliyewaambia, lakini watu walipoingia walijipanga wenyewe: wa Enjinia kuume, wa Mkunga kushoto. Mchezo ulipokwisha hawakuondoka. Mzee mmoja wa kushoto akasimama.

"Profu, aksanti. Hapa juu yetu tuko na volkeno. Hapa chini tuko na gazi ya ziwa. Sasa weye unatuletea moto ya tatu?"

Mama wa kuume akamrukia: "Acha aseme! Profu, hiyo atome inapikaka maharagi?"

"Inachemsha maji, mama. Mvuke unazungusha mashine, na mashine inatoa umeme."

"Kumbe iko mbabula, jiko tu ya makala!"

"Ni mbabula kubwa sana, mama," alisema Profu, akifuta jasho.

"Basi tutakuwa wapishi. Niandike upande huu."

Tulicheka. Lakini ndani ya kibanda changu mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Sufleri anasikia na yale yanayosemwa mwigizaji akigeuza mgongo kwa watu. Kambale na Furaha walikuwa wameacha kusemezana. Asubuhi wanafika kila mmoja na njia yake. Kwenye repetisyo waligombana juu ya atome kwa maneno ya Profu, vizuri ajabu, na Profu alikuwa anashangilia. Maneno ya kaye yakikwisha, hakuna hata "nipe maji". Mtu mwenye moyo mwepesi kama mimi, nilikuwa natamani kuwapulizia: neno la kwanza tu, mengine wangeyakuta wenyewe.

Halafu vita ikasogea. Milio ya bunduki ikasikika ng'ambo ya Kibati, na watu wakaanza kushuka barabarani, mama na sufuria, mzee na mbuzi, mtoto na mtoto mgongoni. Parokia iliwapa madarasa. Profu alitaka mchezo usichezwe mara ya tatu.

"Tutawachezea watu hawa habari za ndoa kuvunjika? Kwa wakati kama huu?"

"Watu wamekaa siku ine wanaangaliana tu," Papa Kasereka akajibu. "Tucheze. Saa nane muchana, bila kiingilio, ili kila mutu awahi kurudi na mwanga."

Siku hiyo nikaja mapema na mawe yangu matatu. Nilikuwa nimefikiri kuyafungia vizuri yasipige kelele. Nikashika mpini wa sanduku nilisogeze, na sanduku halikuinuka. Lilikuwa zito tayari, na kufuli iliyopinda ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Usiweke mawe leo, Neema."

Furaha alikuwa nyuma ya pazia, na nguo ya Mkunga mwilini. Alikaa chini pembeni yangu.

"Boti ya Bukavu inaondoka kesho asubui. Dada yangu anatungojea, mimi na Riziki. Sina sanduku ingine. Mchezo ikiisha nitaibeba moja kwa moja."

"Na Kambale?"

"Kambale anasema amekimbia mara tatu na hatakimbia ya ine. Anasema nyumba ni nyumba. Mimi nasema mutoto ni mutoto. Tulianza na atome, Neema. Mimi nikasema naogopa kitu isiyoonekana, yeye akasema mutu hawezi kuishi kwa kuogopa. Kumbe tulikuwa tunasema juu ya boti." Akajifuta kwa ukingo wa kitenge, halafu akacheka kidogo. "Usimwambie mutu. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Nitamwambia."

Nikarudisha mawe nje. Niliingia kwenye kreti yangu na siri ile ikiwa nzito kuliko sanduku. Kama Kambale atasema maneno ya Profu, "Nenda, mimi nabaki na mwanga wangu," Furaha atatoka kwa mlango wa nyuma na atakuwa amepata jibu lake mbele ya watu wote. Sikuona jinsi gani mtu anarudi baada ya kuambiwa hivyo. Na maneno hayo yalikuwa mapajani mwangu, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa Profu, yamepigiwa mstari chini mara mbili.

Sufuria ikapigwa. Sale ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Watu wa madarasani walikaa mbele, wengi wao kushoto, upande wa Mkunga. Kambale alikuwa na koti jeupe la laboratwari, ambalo Profu aliliazima shuleni kwa saini. Alicheza kama mtu mwenye homa. Furaha naye. Hawakusahau hata neno moja; kidole changu kilitembea juu ya karatasi bila kazi.

Tukafika mwisho. Viatu vya Furaha vikaingia, vile vya kahawia vilivyolika kisigino. Nyuma yake sanduku. Akasimama katikati, akaliachia.

Ndu.

Hakuna aliyecheka.

Niliinua macho. Kambale alikuwa amefungua mdomo kusema. Akaufunga. Fundi wa redio ana masikio, watoto wangu. Anaweza kukuambia waya gani umekatika kwa kusikiliza tu. Alijua sauti ya sanduku tupu na alijua sauti ya mawe.

Pumzi ya kwanza.

"Sufleri!" Profu alikuwa nyuma ya pazia upande wangu, ananong'ona kwa nguvu. "Sufleri, mpe!"

Pumzi ya pili. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "Nenda." Neno la kwanza tu, kama nilivyofundishwa. Nikiliachia, mengine atayakuta mwenyewe.

Pumzi ya tatu. Nikaangalia macho yake. Hakuwa anaangalia viatu. Alikuwa anaangalia kufuli iliyopinda na kamba yake.

"Neema! Mungu wangu, Neema!"

Ya nne. Ya tano. Nikafunga kaye. Nikafunga na mdomo, nikaushika kwa mkono kabisa, ili usije ukafanya kazi yake kwa mazoea. Miaka yote ile sikuwahi kumnyima mtu neno. Ya sita, ya saba. Machozi yalikuwa yananishuka mpaka kwenye vidole, na nilikuwa na hakika kwamba kesho sina kazi.

Mama mmoja wa benchi la kwanza kushoto, aliyetoka Kibati na kuku wake mapajani, ndiye aliyechoka kungoja.

"Papa, jibu basi bibi yako!"

"Muache afikiri!" ikaitika kuume.

"Afikiri nini? Mwanamuke anamuacha juu ya umeme, na umeme yenyewe haijafika!"

Sale ilipasuka. Mimi mwenyewe nilicheka na kamasi ndani ya mkono. Na pale juu, katikati ya uso wake wa msiba, Furaha akashindwa. Mabega yakaanza kutikisika. Kambale alimwona anacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

Akapiga magoti, akafungua kamba. Ndani kulikuwa na tiriko kadogo ka pinki ka kumkinga Riziki na baridi, kikombe cha uji, vitenge viwili, mkasi wa kushona.

"Nguo zangu ziko wapi?" aliuliza.

Hilo halikuwa ndani ya kaye. Nyuma ya pazia nilisikia Profu amekaa juu ya kitu.

"Hukuniomba nikupakilie," Furaha akasema.

"Weye hukuniomba nikuje."

"Ulisema hutakimbia tena."

"Nilisema." Alishika lile tiriko, akaligeuza, akalikunja upya, vibaya, kama wanaume wanavyokunja. "Sikujua utaondoka bila mimi. Nilifikiri nikibakia, na weye utabakia. Niliogopa kuuliza."

"Na mimi pia niliogopa."

"Na atome?" mtu akaita toka kuume, mwenye kufuata hoja.

"Atome ingojee," Kambale akajibu bila kugeuka. "Yeye hana mutoto."

Akavua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya tiriko. Akafunga sanduku, akasimama nalo, na kwa uzito wake akayumba kidogo upande mmoja. Furaha akashika ule upande mwingine wa mpini. Mwishoni, kama mnakumbuka, taa ilipaswa kuzimika. Nikamtazama Papa Kasereka pale kwenye swichi. Alikuwa ameweka mikono yote miwili mfukoni.

Makofi sitayaandika. Kuku aliruka mpaka jukwaani.

Profu alinikuta bado ndani ya kibanda. "Ulikuwa umelala? Maneno yalikuwa mbele yako!"

"Hakusahau, Profu."

"Unajuaje?"

"Hakuangalia viatu."

"Ilikuwa tragedi, Neema! Niliandika tragedi!"

"Profu," Papa Kasereka akasema, akikunja pazia, na kila S ikipiga mluzi wake, "hawa watu wamekuja na miguu toka Kibati. Tragedi wako nayo nyumbani. Siku ya leo umewapatia kitu ingine. Sema aksanti."

Profu akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Halafu akatoa kalamu moja kati ya tatu. "Walisema nini hasa? Mwenye kukumbuka ni nani?" Hakuna aliyekumbuka neno kwa neno. Waigizaji wenyewe hawakukumbuka. Nilikumbuka mimi, kwa sababu masikio ndiyo kazi yangu. Nikasema, naye akaandika, pole pole, mwalimu wa fizike akiandikiwa na mtu wa la sita primeri. Nilipofika kwenye "Yeye hana mutoto" alicheka mwenyewe. "Nitaacha miisho yote miwili," alisema. "Watakaocheza watachagua."

Asubuhi yake waliondoka wote watatu, na koti la shule ndani. Profu alilisainia tena kwa maelezo marefu. Leo wamerudi Goma, wana watoto wanne, na mkipita kwao mtasikia bado wanabishana juu ya atome. Furaha hajaacha kuuliza majivu yatakwenda wapi, na kwa kweli hakuna aliyemjibu vizuri.

Lakini wakati ule, baada ya wiki kadhaa, boti ilileta sanduku letu. Nilikwenda kulichukua bandarini mwenyewe. Koti lilikuwa ndani, limefuliwa na kupigwa pasi, na kikaratasi: "Sanduku ni ya kikundi. Kambale anatengeneza redio hapa. Riziki ameanza kusema sana, anafanana na weye."

Tulikuwa tumepanga kuucheza mchezo tena, na waigizaji wengine, watu wawili wasiokuwa na kitu chochote kati yao. Nikafika kabla ya wenzangu. Nikaliinua sanduku, nikaliachia juu ya mbao. Ta.

Nikazunguka nyuma ya sale, nikaokota mawe matatu ya volkeno. Nikavua kitenge changu cha juu, nikakipasua vipande vitatu, nikafunga kila jiwe kama unavyofunga mtoto mchanga, mpaka matundu yasionekane. Nikayapanga ndani, nikafunga kufuli iliyopinda. Nikalibeba mpaka katikati ya jukwaa. Sale ilikuwa tupu, mabenchi yanatazamana. Nikaliachia. Ndu.